Somo lisilokatika na mtandao: mwongozo wa kufundisha na kusoma kwa mbali visiwani Lamu

Machi 2020 shule zilipofungwa nchi nzima, nilifanya walichofanya walimu wengi wa rika langu. Nilinunua bando kubwa, nikavaa shati la kupigwa pasi, nikaegemeza simu juu ya vitabu vitatu, nikaanzisha darasa la video saa nne asubuhi. Wanafunzi wangu walikuwa ishirini na wawili. Waliofika ni watatu. Mmoja alikuwa Shela, mmoja Mkomani nyumba ya nne kutoka kwangu, na wa tatu sikumwona uso; nilisikia punda wa kwao akilia muda wote. Wa Siyu, Faza na Kizingitini, kisiwa cha Pate, hawakuonekana kabisa. Jioni mama wa mmoja wao akanipigia simu: "Maalim, mwana ameketi darini tangu asubuhi na simu mkononi. Kilichokuya ni duara tu linazunguka."

Tangu hapo nimeendelea kufundisha hesabu kwa simu: watahiniwa wa kibinafsi wa KCSE, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, mabaharia wanaotaka cheti, akina mama waliokatiza shule, na watoto wakati wa likizo. Mimi mwenyewe nimesoma kozi moja kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo naandika nikiwa nimekaa pande zote mbili za simu. Haya hapa ndiyo yaliyobaki baada ya kutupa mengi. Yamesimama juu ya jambo moja: pangeni somo kana kwamba mtandao haupo, kisha mtandao ukija, muutumie kama bahati.

Hatua ya 1. Uliza simu inalala wapi

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa somo, mpigie kila mwanafunzi simu ya kawaida, au mpigie mzazi wake, uulize maswali haya. Simu ni ya nani? Inarudi nyumbani saa ngapi? Mtandao unashika wapi hapo kwenu: ndani, darini, au mpaka uende gatini? Mnachaji kwa stima au kwa sola? Simu ina nafasi ya kuweka mafaili, au imejaa picha za harusi?

Andika majibu kwenye daftari, jina moja ukurasa mmoja. Utashangaa. Nilikuwa na kijana wa Kizingitini ambaye kazi zake zilikuwa zikija miezi fulani na miezi mingine hazionekani, nikamhesabu mvivu. Kumbe simu ni ya babake, na babake ni mvuvi. Wakati wa kaskazi bahari ni shwari, baba yuko majini na simu yuko nayo. Kusi ikikaza, mashua ndogo zinalala, na simu iko nyumbani. Ratiba ya yule kijana ilikuwa inafuata pepo, mimi nikawa namfuatisha kalenda ya wizara. Nilichofanya ni kumpa kazi nyingi wakati wa kusi na kumwachia kitabu cha mazoezi cha karatasi wakati wa kaskazi. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

Ukishajua simu zinalala wapi, chagua dirisha moja la siku ambalo wengi wanalifikia. Hapa kwetu, kwa uzoefu wangu, ni baada ya Isha, kuanzia saa mbili na nusu usiku. Usipange chochote kati ya Magharibi na Isha. Ramadhani sogeza hadi baada ya tarawehe au uache kabisa vipindi vya moja kwa moja ubaki na maandishi na sauti. Na wiki ya Maulidi usijisumbue; mji wote uko msikiti wa Riyadha, na wewe pia nenda.

Hatua ya 2. Chagua chombo chepesi kuliko vyote vinavyofaa

Video ya moja kwa moja ndiyo inayoonekana kama darasa, ndiyo maana sote tunaikimbilia. Lakini tazama uzito wake. Saa moja ya video hula mamia ya megabaiti, na picha ikiwa kali hupita gigabaiti. Sauti peke yake kwa saa hiyo hiyo ni makumi tu ya megabaiti. Ujumbe wa sauti wa dakika tano kwenye WhatsApp haufiki megabaiti mbili. Picha ya ukurasa mmoja, WhatsApp ikishaibana, ni kilobaiti mia chache. Maandishi ya ukurasa huo huo ni kilobaiti chache mno, yatapita hata pale mtandao unapopumua kwa shida.

Kwa hiyo panda ngazi kutoka chini. Linaloweza kuandikwa, liandike. Lisiloelezeka kwa maandishi, lichore na ulipige picha. Linalohitaji sauti ya mwalimu, mathalan kwa nini hatua hii inafuata ile, lirekodi kwa sauti. Video iliyorekodiwa iwe fupi na iwe ya jambo ambalo lazima lionekane likitendeka, kama kutumia bikari au kupima pembe. Video ya moja kwa moja iweke mwisho kabisa.

Kuhusu picha nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo walimu wengi wanawapotezea wanafunzi macho. Tumia karatasi nyeupe isiyo na mistari na kalamu nene. Andika kwa herufi kubwa, swali moja ukurasa mmoja. Simu ya mwanafunzi wako ina kioo cha upana wa vidole vinne. Piga picha mchana karibu na dirisha, simu ikiwa juu ya karatasi sawasawa, na uzime taa ya simu maana inaacha doa jeupe katikati ya hesabu. Kisha ifungue picha hiyo kwenye simu ndogo kuliko yako uone kama inasomeka. Mimi nina simu kuukuu ya mke wangu kwa kazi hiyo tu.

Sauti nayo ina adabu yake. Isizidi dakika tano. Anza kwa kutaja namba ya somo na ukurasa: "Somo la tatu, ukurasa wa pili, chukua kalamu." Waambie wasimamishe sauti pale wanapotakiwa kufanya kitu, na unyamaze kidogo hapo. Usirekodi barazani, upepo na salamu za wapitao vitakushinda.

Mafaili yape majina yanayosomeka: wiki03-asilimia, wala si namba ndefu zinazotolewa na simu. Mwanafunzi aliyepakua mambo arobaini hataweza kulitafuta lako.

Na kwa walioko mbali, kumbuka kuna mtandao wa zamani kuliko wote, nao ni mashua. Mashua nyingi za kwenda kisiwa cha Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, nao haupitiki maji yakitoka, kwa hiyo abiria wanaketi gatini wakingoja maji yajae. Huo ndio wakati wa kumtafuta anayekwenda Mtangawanda au Faza, umpe memori kadi iliyofungwa kwa plastiki yenye masomo ya mwezi mzima. Mwanafunzi mmoja akiipata, wengine wanane wanarushiana kwa Bluetooth bila senti.

Mahali penye kompyuta hata moja, shule au maktaba ya kijiji, kuna programu mbili za bure ambazo zinafaa kujulikana. Kolibri huwekwa kwenye laptopu au kompyuta ndogo, ikajazwa masomo mara moja palipo na intaneti nzuri, kisha simu na tableti zilizo karibu zinasoma kupitia waifai yake bila intaneti yoyote. Kiwix hufanya hivyo hivyo kwa Wikipedia nzima. Mimi huzijaza ninapokuwa Mombasa, usiku, nikiwa nimelala.

Kama unadhani shida hii ni yetu peke yetu, jua kwamba huko Alice Springs, katikati ya Australia, tangu 1951 watoto wa mashambani walikuwa wakisomeshwa kwa redio ya upepo kwa sababu shule ilikuwa mamia ya kilomita. Mmoja wa watoto waliokulia katika mtindo huo wa redio, Martin Dougiamas, ndiye aliyekuja kutengeneza Moodle, iliyotolewa 2002, ambayo leo vyuo vingi hapa kwetu vinaitumia kuwekea masomo. Mtu aliyeonja kusoma mbali ndiye aliyejua kinachohitajika.

Hatua ya 3. Kata somo liwe fungu

Sisi tuliosoma chuo, nikimaanisha chuo cha Kurani kama tunavyokiita Lamu, tulikuwa tukisoma kwa mbali bila kujua. Mwalimu alikuandikia aya zako, ukaenda pembeni na ubao wako, ukazirudia peke yako mpaka zikakaa. Kisha ukarudi kusikilizwa. Ukikwama, unarudishwa pembeni na aya zile zile. Ukipita, unapewa mpya. Mwalimu hakukaa na mtoto mmoja kutwa; alikuwa na watoto thelathini, kila mmoja yuko mahali pake, na wote wanakwenda. Umbali ulikuwa hatua kumi tu, lakini mpango ndio huu huu: fungu dogo, mazoezi ya peke yako, kurudi kusikilizwa.

Fungu langu la wiki lina vitu vinne. Kwanza sentensi moja inayosema mwanafunzi ataweza kufanya nini. Pili mfano mmoja uliofanywa wote, hatua kwa hatua, bila kuruka. Tatu maswali matano, mawili mepesi, mawili ya kawaida, moja la kumtoa jasho. Nne majibu, lakini haya hayatumwi mpaka kazi zirudi.

Nitoe mfano wa fungu la asilimia. Sentensi: ukimaliza utaweza kukokotoa makato na kinachobaki. Swali: mvuvi ameuza kilo 12 za samaki kwa shilingi 350 kila kilo, na asilimia 8 ya mauzo ni ya mafuta ya boti, amebaki na ngapi? Mauzo ni shilingi 4,200. Asilimia 8 yake ni 336. Kilichobaki ni 3,864.

Sasa ona jinsi makosa yanavyosema. Aliyeniletea 4,192 ametoa shilingi nane, hakutoa asilimia nane. Huyo hajui asilimia ni nini, arudi mwanzo kabisa. Aliyeniletea 840 anajua, ila ameandika asilimia 8 kama 0.8 badala ya 0.08, huyo shida yake ni nukta, si asilimia, na dawa yake ni dakika mbili za sauti. Aliyeandika 336 amekokotoa vizuri akasahau alichoulizwa. Majibu matatu, wanafunzi watatu, masomo matatu mbalimbali. Katika darasa la video wote watatu wangetikisa kichwa, nami ningeendelea mbele nikijiona hodari.

Kwa hiyo unapotunga maswali, tunga yale ambayo kosa lake litakuambia kitu. Maswali ya kuchagua a, b, c ni mepesi kusahihisha lakini yana dhambi ya kuficha njia. Ukiyatumia, basi majibu yasiyo sahihi yawe makosa halisi ambayo umeshayaona, kama hayo hapo juu.

Hatua ya 4. Kazi irudi, na ijibiwe

Hii ndiyo hatua inayobeba mzigo wote. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu, acha video, acha slaidi za rangi, fanya hili.

Mwanafunzi apige picha ya daftari lake lenye njia yote, si jibu tu, akutumie faraghani kabla ya siku mliyokubaliana. Wewe umjibu ndani ya siku mbili. Ikipita wiki, ameshasahau alikuwa anawaza nini alipoandika, na masahihisho yako yatakuwa kama barua iliyochelewa meli.

Sahihisha kosa moja. Daftari linaweza kuwa na makosa saba. Chagua lile ambalo likitoka mengine yatatoka nalo, ulieleze kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja, na umwombe alirudie swali hilo peke yake. Mengine yaache wiki nyingine. Najua mkono unawasha. Mimi nilikuwa nikirudisha picha zimejaa alama nyekundu kila pembe, mpaka binti mmoja akaacha kutuma, na nilipomuuliza akasema, kwa heshima zote, "Maalim, mimi sikujua nianze na lipi."

Sifa iwe hadharani, kosa liwe faraghani. Kwenye grupu andika, "Aliyefanya swali la nne kwa njia ya mchoro, njia hiyo ni nzuri, nawaletea wote muione," ukiwa umeomba ruhusa yake. Kosa la mtu usilitaje hapo hata bila jina. Mji wetu ni mdogo, watu watajua tu ni nani.

Na kuna jambo la sauti na sura. Wako wasichana na akina mama ambao hawapendi sauti zao zizunguke kwenye grupu, na nyumba nyingi hazitaki kamera ifunguliwe ndani watu wakiwa wamejipumzisha. Usilazimishe. Mruhusu atume sauti kwako peke yako au aandike. Kama una wanafunzi walio chini ya miaka 18, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla hujakusanya na kutumia taarifa za mtoto. Mimi huomba ridhaa hiyo kwa sauti kwenye simu kisha kwa maandishi, na namba za wazazi wa wasichana huwa ndizo ninazowasiliana nazo kwanza. Hilo limenipa wanafunzi ambao bila hivyo wasingeletwa.

Kuhusu kunakiliana: kutakuwepo. Usipigane nako kwa ukali. Chagua wawili watatu kila wiki uwapigie simu: "Hebu nielezee, hapa ulizidisha kwa 12 kwa nini?" Aliyefanya atakueleza hata kama anagugumia. Aliyenakili atanyamaza, na aibu ya ukimya ule itafanya kazi kuliko adhabu. Ukimpigia nani hakuna anayejua mapema, kwa hiyo wote wanajitayarisha.

Hatua ya 5. Kipindi cha moja kwa moja kiwe cha maswali

Mara moja kwa wiki, dakika arobaini, sauti tu. Usifundishe jambo jipya humo, maana aliyekosa mtandao atakuwa amekosa somo. Kiwe cha kufungua mafundo ya kazi iliyokwisha kufanywa.

Anza kwa kumwita mwanafunzi mmoja aseme kwa maneno yake fungu la wiki lilihusu nini. Kisha chukua maswali yaliyotumwa tangu jana yake. Kwa kila swali, mwulize mwanafunzi mwingine kwanza, halafu hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujasema wewe. Kumi ni nyingi, utaona kama umekatika. Lakini sauti huchelewa kufika Pate, na mtu naye anahitaji kufikiri.

Kubalianeni mapema mtandao ukikatika mnafanya nini. Sheria yetu ni moja: kipindi kikikatika mara mbili, wote tunahamia kwenye grupu, tunaandika namba ya swali na tulipokwama. Hakuna anayeanza kuuliza "mnanisikia?" mara ishirini. Baadaye nafanya muhtasari wa sauti wa dakika tatu kwa ambao hawakuwepo.

Hatua ya 6. Kwa wewe unayesoma

Unaweza kuwa huna mwalimu wa kukufuata hivyo. Pengine umejiandikisha kozi ya chuo fulani na unachopata ni mafaili na tarehe. Basi kazi ya mwalimu wa chuo cha ubao uifanye mwenyewe.

Jisikilize. Ukimaliza ukurasa, ufunge, uandike kwenye karatasi kila unachokumbuka, kisha ufungue uone ulichosahau. Watu wengi badala yake wanasoma tena na tena, na wanapiga mistari ya rangi. Inapendeza, na inadanganya. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi. Baadhi walivisoma mara ya pili, wengine wakafunga karatasi wakajijaribu. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki mambo yakageuka: waliojijaribu walikumbuka kama asilimia 56, wenzao asilimia 42. Ile raha ya kuona maneno umeyazoea si elimu.

Acha nafasi kati ya marudio. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejitumia mwenyewe kama mwanafunzi na kuchapisha matokeo yake 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni kisha pole pole. Kwa hiyo rudia kesho, halafu siku ya tatu, halafu wiki, halafu mwezi. Saa nne zilizogawanywa siku nne zinashinda saa nne za mkesha. Mimi huandika tarehe za kurudia pembeni mwa daftari, juu ya kila somo, na nikisharudia naweka tiki.

Andika kwa mkono. Simu ni ya kupokelea. Daftari ndilo la kusomea. Ukishapakua fungu, zima data kabisa, maana ile simu inayokuletea hesabu ndiyo hiyo hiyo inayokuletea matokeo ya mpira.

Tafuta wa kumsomea. Si lazima ajue. Mwanafunzi wangu mmoja wa Langoni alikuwa akimweleza bibi yake kila jioni, bibi akisuka ukili. Bibi hajui milinganyo, lakini anajua mtu akibabaika. "Hapo hukusema sawa, anza tena," na kijana anaanza tena. Nadhani yule bibi alistahili sehemu ya mshahara wangu.

Ukimwuliza mwalimu, usiandike "sielewi". Andika ulipofika, ulichofanya, na mahali palipokataa, ukiambatisha picha. Mara nyingi utapata jibu ukiwa bado unaandika swali.

Stima: chaji simu na pawa benki kila unapopata nafasi, usingoje iishe. Hewa ya chumvi inakula tundu la chaja, basi lifunike na ulisafishe kwa brashi kavu. Nimemaliza hapo.

Hatua ya 7. Kabla ya kulipa ada ya kozi

Vyuo vya kusoma kwa mbali ni vingi sasa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kipo tangu 1992, na hapa Kenya Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati Agosti 2023, makao yake Konza. Vyuo vya kawaida navyo vina kozi za mtandaoni. Kabla hujatuma pesa kwa chuo chochote, hakikisha kwanza kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama ni shahada unayotaka, kisha uliza mambo ambayo matangazo hayasemi.

Mtihani unafanyika wapi? Mtihani ukiwa Mombasa, hesabu boti ya kwenda Mokowe, basi, mahali pa kulala, na kurudi. Ada ya bei nafuu inaweza kugeuka ghali njiani. Masomo yanapakulika, au yanasomeka ukiwa hewani tu? Kazi ikichelewa kwa sababu ya mtandao, kuna siku za ziada au unakatwa alama? Kuna mwalimu mwenye jina ambaye utamwandikia, au ni anwani ya ofisi tu? Kozi niliyosoma mimi ilikuwa na masomo mazuri sana ya video, kila moja dakika hamsini, hayapakuliki. Nililipa ada mara moja na bando mara arobaini.

Omba somo moja la majaribio, ulifungue hapo hapo utakapokuwa ukisomea, saa ile ile utakayokuwa ukisoma. Usilijaribu kwenye waifai ya mjini.

Hatua ya 8. Mfuate aliyenyamaza

Katika darasa la kuta nne unamwona aliyeinamisha kichwa. Huku humwoni, unaona tu hakuna kilichokuja. Weka sheria: kazi mbili zikipita bila kurudi, unampigia simu, ya sauti ya kawaida. Usitume ujumbe. Ujumbe unaosema "mbona hujatuma kazi" unamwongezea sababu moja zaidi ya kujificha. Ukimpata, usianze na kazi. Anza na salamu kamili, za watu wazima, mpaka za nyumbani ziishe, kisha uliza, "Simu iko salama?" Nusu ya majibu utayapata hapo. Simu imevunjika, imeuzwa, imechukuliwa na kaka, bando limekosekana, mama amejifungua.

Kama simu haipatikani, mpigie mwenzake wa kijiji hicho. Kila mwanafunzi wangu ana mwenza mmoja aliyepangiwa tangu wiki ya kwanza, kwa ajili ya siku kama hiyo.

Mwaka juzi nilimkosa nahodha mmoja wa Faza kwa wiki nne. Simu haipatikani, mwenza wake naye yuko safarini. Nikaandika jina lake kwenye ukurasa wa walioacha. Wiki ya tano kijana wa mashua akaja kubisha mlango akiwa na daftari lililofungwa kwa mfuko wa unga. Simu ya nahodha ilianguka majini karibu na Ndau. Alikuwa akinakili mafungu kutoka simu ya mpwa wake, anafanya maswali akiwa zamu ya usiku, na daftari akalituma kwa mashua ya kwanza iliyopata maji. Lilikuwa linanuka papa. Maswali ishirini, kumi na saba sahihi, na kwenye yale matatu alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: hapa nimekwama, maalim, nukta sijui naiweka wapi.

Nilirekodi dakika mbili kuhusu nukta, nikazitia kwenye memori kadi, na kijana akaondoka nayo kwa maji ya saa tisa.